Kudaiwa si ruhusa ya kutukanwa

Najua nimepotea hapa kijiweni kwa wiki kadhaa. Nilikuwa nyumbani, Itaka. Kwa wasioijua, ni kata ya Wilaya ya Mbozi mkoani Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 baada ya Mbeya kugawanywa. Ni nchi ya kahawa, mahindi na maharage, na ni mahali ambapo ukikohoa asubuhi, jioni unaulizwa kama umepona. Hilo la kukohoa likumbukeni, lina kazi yake huko mbele.

Nilichokikuta huko ndicho kimenirudisha kwenye kibodi. Mjomba wangu, mzee wa kahawa mwenye simu ya tochi, alipata ujumbe kutoka namba asiyoijua. Akampa mjukuu amsomee. Ujumbe ukasema binti fulani, ndugu yetu anayeuza duka Tunduma, ni mwizi, amekimbia na hela za kampuni, polisi wanamtafuta, na mzee ndiye mdhamini wake kwa hiyo ajiandae. Mzee wa watu hajawahi kumdhamini mtu maishani mwake, labda kwenye ubatizo.

Kabla jua halijazama ujumbe ule ule ulikuwa umefika kwa katekista, kwa fundi cherehani, kwa karani wa chama cha ushirika na kwa mwalimu aliyemfundisha yule binti darasa la nne. (Nimebadilisha vitu viwili vitatu ili asitambulike. Kiini kiko vile vile.)

Kisa ni mkopo wa kwenye simu. Aliomba laki moja, mkononi ikaingia pungufu ya elfu themanini kwa sababu ya kitu kinachoitwa gharama za huduma, akapewa siku saba arudishe laki nzima na riba juu. Siku ya saba hakuwa nayo. Siku ya tisa Itaka ikajua. Namba za watu walizipata wapi? Kwenye simu yake mwenyewe. Siku alipopakua ile programu iliomba ruhusa ya kusoma majina aliyohifadhi, akabonyeza "ruhusu" kama watu wanavyobonyeza wakiwa na ada ya mtoto kichwani.

Sasa mnaosoma hapa mko Dar, Mwanza, Arusha, wengine Nairobi, na najua wengi wenu mmeshapokea ujumbe wa aina hii kuhusu mfanyakazi mwenzenu au mtu mliyesoma naye chuo. Mkasoma, mkacheka kidogo, mkafuta. Mjini ujumbe kwa watu hamsini hupotea ndani ya simu hamsini. Itaka, wale hamsini wanakaa benchi moja. Wanakutana kisimani, kwenye mizani ya kahawa, kanisani Jumapili. Kwa hiyo kile tunachokiita unyanyasaji wa mtandaoni kilikaa mtandaoni kwa muda wa kama dakika nne hivi. Baada ya hapo kilikuwa kimevaa viatu kinatembea. Watu walikwenda kwa mama yake kumpa pole, sauti za chini, kama kuna msiba. Mama hakutoka nje siku mbili.

Ndiyo maana sipendi ile tabia ya kugawa unyanyasaji mafungu mawili, wa mtandaoni huku na wa ana kwa ana kule, halafu tunaambizana kwamba ule wa mtandaoni suluhisho lake ni kuzima data. Uzime data ya nani? Ya katekista?

Tuulizane jambo la msingi: hapa unyanyasaji uko wapi? Kwa sababu kuna mtu tayari anasema, "Si alipe deni lake?" Nimelisikia hilo Itaka, nimelisikia Tunduma, na nina hakika mwingine analisema sasa hivi mbele ya skrini. Ni swali la haki na nitalijibu. Alipe. Dawa ya deni kulipa, wahenga walishamaliza. Na mkopeshaji ana haki ya kukumbusha, kupiga simu mchana kweupe, kuandika barua, hata kwenda mahakamani kudai chake. Hakuna hata moja kati ya hayo ninalolipinga.

Lakini tazama huo ujumbe aliopokea mjomba. Haukumwambia alipe kiasi gani. Haukuwa na namba ya kulipia. Haukutumwa kwa mwenye deni kabisa! Ulitumwa kwa watu ambao hawadaiwi kitu, kuwaambia uongo wa aina mbili: kwamba binti ni mwizi (kuchelewa kulipa si wizi) na kwamba mzee ni mdhamini (hakuweka saini popote). Kipimo changu ndicho hicho. Anayedai hela anamtafuta mdaiwa. Anayenyanyasa anatafuta watazamaji. Ukiona ujumbe unaongea zaidi na majirani kuliko na mwenye deni, hapo hakuna tena ukusanyaji wa madeni. Na ukiona mtu anajifanya askari au karani wa mahakama, au ametengeneza picha yako na maneno ya "anatafutwa", au amebandika kitambulisho chako cha NIDA kwenye kundi la WhatsApp, hapo huna haja ya kipimo.

Hizi programu hazichukui shamba wala kadi ya pikipiki, na watu husema hazina dhamana. Si kweli. Dhamana ni aibu yako, na waliitathmini siku ulipobonyeza ile ruhusa. Wenye majina mengi kwenye simu wana dhamana kubwa.

Mkopo huu wa simu umejifunza kwa kaka yake mkubwa, kausha damu wa mtaani. Kama umekulia mtaa wowote wa Tanzania unajua siku ya marejesho ilivyo. Mwanachama akikosa hela, kikundi kizima kinahamia kwake, akina mama wanakaa kwenye mkeka barazani mpaka jioni, hawatukani, hawapigi, wanakaa tu, na kila anayepita anaelewa. Wengine wanakuja na gari, godoro na televisheni vinatolewa mchana mbele ya watoto, bila karatasi yoyote ya mahakama. Walimu wetu wengi wanaijua ile ya kuacha kadi ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji, halafu mwisho wa mwezi unakwenda kumwomba mshahara wako mwenyewe. Tumeishi na haya miaka mingi tukiyaita "utaratibu wa kikundi". Programu za simu zimeondoa mkeka tu.

Kuna tawi moja la haya mambo ambalo wanawake hulisema wakiwa peke yao. Anayedai anaanza kwa ukali, kisha siku moja sauti inalainika: dada, hili linaweza kuisha, njoo tuongee sehemu. Wapo wanaoishia hapo hapo kwa kumcheka, wapo wanaoogopa, na wapo wanaolipa deni ambalo halikuwa kwenye mkataba. Hilo lina jina kwenye sheria. Kanuni ya Adhabu iliongezewa mwaka 1998, kupitia ile sheria ya makosa ya kujamiiana tunayoiita SOSPA, kifungu kilichopewa namba 138D kuhusu udhalilishaji wa kijinsia, kwa vitendo au kwa maneno matupu. Adhabu yake inafika kifungo cha miaka mitano. Kina sharti ambalo ningependa kila dada alijue: malalamiko yasizidi siku 60 tangu tukio, au tangu tukio la mwisho kama yalikuwa yanajirudia. Sitini. Yaani muda ambao wengi wetu tunautumia kujiuliza kama tunazidisha mambo.

Haya, na serikali iko wapi? Haikulala kabisa, tuwe wakweli. Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali walio chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Novemba mwaka huo huo ikazipiga marufuku programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kufuata taratibu, majina yakatangazwa hadharani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ambayo kifungu chake cha 23, kama kilivyopitishwa, kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu wa moyo. Adhabu? Faini isiyopungua milioni tano, au jela isiyopungua miaka mitatu, au vyote.

Hiyo ya mwisho wengi tunaifahamu kwa sura yake nyingine. Mwaka 2016 mahakama Arusha ilimhukumu mtu mmoja kifungo cha miaka mitatu au faini ya milioni saba kwa kumtukana Rais wa wakati ule kwenye Facebook, na toka aandike hadi hukumu ilikuwa miezi kama mitatu. Kumbe sheria hii ina miguu na inaweza kukimbia! Mimi sina hamu ya kuona watu wakifungwa kwa maneno ya kisiasa. Ninachoshangaa ni kwamba muuza duka wa Tunduma akitukanwa mbele ya kijiji kizima, miguu ile ile inapata ganzi.

Wenzetu Kenya walitangulia kuumia na wakatangulia kuchukua hatua. Kanuni zao za wakopeshaji wa kidijitali za mwaka 2022 zinakataza waziwazi vitisho, matusi na kuwapigia watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa kwa lengo la kumwaibisha. Septemba 2023 kamishna wao wa ulinzi wa taarifa aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba walizopata kwa watu wengine kutuma ujumbe na simu za vitisho. Google nao, mwaka huo huo wa 2023, walizikataza programu za mikopo kwenye duka lao kugusa orodha ya majina na picha za mteja. Kwa hiyo leo ukiona mkopo unakuja kwa linki ya kupakua nje ya duka, jiulize kwa nini haukuweza kupita mlangoni.

Hiyo faini ya Kenya nimeirudia kuisoma kwa sababu ya jambo moja. Namba iliyotumika vibaya ni ya nani? Ni yako wewe uliyepokea ujumbe. Hukukopa, hukutoa ruhusa, hukuijua hata hiyo kampuni. Namba yako ilichukuliwa kutoka simu ya rafiki na kufanywa fimbo ya kumchapia. Mjomba wangu anadhani alipelekewa habari za mtu mwingine. Kwa maoni yangu naye alitendewa kosa, na anaweza kulalamika kwa jina lake mwenyewe bila kumsubiri yule binti apate ujasiri.

Na hapa ndipo ugomvi wangu na sisi wasomi ulipo. Mkopeshaji anatuma ujumbe mara moja tu. Safari inayobaki tunaimaliza sisi. Nani aliupiga picha akauweka kwenye kundi la ukoo, na vile vikatuni vya kushangaa? Si mjomba, simu yake haina WhatsApp. Ni kijana mwenye digrii aliyeko mjini. Nani alimjibu yule mtumaji, "Ni kweli? Anadaiwa shilingi ngapi?" Mwenye digrii mwingine. Bila sisi, ile aibu haina thamani sokoni, na mkopeshaji asingehangaika nayo. Angekwenda mahakamani kama watu wengine.

Kitu cha kwanza cha kufanya ukipokea ujumbe wa namna hiyo ni kumpigia aliyetajwa. Swali la kwanza lisiwe "unadaiwa ngapi?" Muulize yuko salama? Yuko na nani? Watu hukata tamaa vibaya katika siku hizo mbili tatu. Yule ndugu yetu aliniambia kilichomtisha zaidi ni ukimya. Watu 50 wamepokea, hakuna hata mmoja aliyepiga, na kila mmoja anajua. Kisha usiufute huo ujumbe. Upige picha ya skrini, namba na tarehe vionekane, umtumie yeye. Ni ushahidi, na unao wewe, yeye hana, kwa sababu haukutumwa kwake! Usibishane na mtumaji.

Kama ni wewe unayedaiwa, najua hamu ya kwanza ni kuzima simu. Au ni kukimbilia programu ya pili ulipe ya kwanza, na hapo ndipo laki moja inapozaa laki nne. Yule binti alifanya hivyo mara mbili kabla hajamwambia mtu. Aibu haikumfanya alipe, ilimfanya akope.

Ingia kwenye mipangilio ya simu uiondolee programu ruhusa ya majina, picha na mahali ulipo. Haitawarudisha walichokwisha kuchukua, ila itafunga bomba. Hifadhi kila kitu: ujumbe, muamala ulioingia, muamala uliolipa. Simu za matusi andika saa na namba kwenye daftari. Unataka kujua namba ni ya nani? Mnaijua ile ya kuanza kutuma pesa kwa simu, jina likitokea unaghairi. Line zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo wanaotukana gizani wana majina, na polisi wakiamua kuyapata wanayapata. Ukienda kituoni nenda na mtu, usiende peke yako, na usiondoke bila namba ya RB. Ukiambiwa "hayo ni mambo ya madeni, nendeni mkaelewane", jibu kwa upole kwamba deni hulikatai, unaripoti vitisho. Ikiwa kuna maneno ya ngono ndani yake, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Malalamiko kuhusu leseni yapeleke Benki Kuu, na kuhusu namba za watu yapeleke Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ni safari ndefu? Ndiyo. Toka Itaka ni ndefu zaidi, na sidhani kama tume iliyoko mjini inajua hivyo. Kwa nini afisa mtendaji wa kata asiwe na fomu ya kupokea malalamiko haya, wakati hata ng'ombe akipotea tunaandikisha kwake?

Mwongozo ni mzuri, orodha ya 69 ni nzuri, ila programu iliyofungiwa Jumatatu inaweza kurudi Jumatano na jina jipya na rangi nyingine, na majina ya simu yako bado wanayo. Sijasikia mtu akituambia yale yaliyokusanywa na hizo 69 yalikwenda wapi. Waandishi wenzangu, hilo swali lipo mezani, mwenye nafasi ya kumfikia mhusika alichukue.

Kuna njia moja ambayo haihitaji kusubiri wakubwa, nayo ni ngumu kuliko zote: kuwaambia watu wako kabla wao hawajaambiwa. Dhamana ikishajulikana kwa kila mtu hawana cha kunadi. Nilikaa na yule ndugu yetu Tunduma, pale kwenye kelele za malori ya Zambia, tukaandika maneno ambayo aliyatuma kwa kila mtu aliyemo kwenye simu yake, mama yake akiwa wa kwanza. Anayeyahitaji ayachukue, abadilishe atakavyo:

"Shikamooni wakubwa, habari zenu nyote. Nina deni la mkopo wa kwenye simu na nimechelewa kulipa. Ninalilipa kidogo kidogo. Wakopeshaji wamechukua namba zenu kwenye simu yangu bila ninyi kuulizwa, na wanaweza kuwaandikia kwamba mimi ni mwizi au kwamba ninyi ni wadhamini. Si kweli, na hamdaiwi chochote. Mkipata ujumbe huo msiwajibu wala kuusambaza, nipigieni picha mnitumie, nahitaji kuupeleka polisi. Asiye na simu ya picha anisomee, nitaandika. Ukitaka kuniuliza lolote nipigie mimi, simu yangu iko wazi."